Tela la Matanga

Tangu habari za Lugano zifike, Yusta alikuwa akilala chini. Kitanda kilikuwapo, godoro lilikuwapo, lakini yeye alitandika mkeka sebuleni, palepale walipokaa naye akina mama wa jumuiya siku zile za mwanzo. Akina mama waliporudi kwenye mashamba yao, mkeka haukukunjwa. Mumewe, Sedekia, hakumuuliza. Yeye mwenyewe alikuwa amefikia hali ya kuvaa kiatu kimoja asubuhi, akakaa, akasahau kingine kiko wapi, na asione haja ya kukitafuta. Wateja waliofika kwenye kibanda chake cha mbegu pale Mlandege walimwona anapima, anafunga, anarudisha chenji, wakasema mzee amepoa sasa. Hakuwa amepoa. Alikuwa ameganda, kama mafuta ya kupikia yanavyoganda kwenye dumu mwezi wa saba hapa Iringa, ukiinamisha dumu hakitoki kitu.

Lugano alikuwa mtoto wao wa kwanza, fundi wa kuchomelea. Alikwenda pwani kwa sababu huku juu watu wanachomelea mageti, na mageti yakishaisha kazi nayo imeisha. Huko alipata kazi kwenye hoteli moja ya kitalii iliyokuwa inajenga gati, daraja refu la mbao na vyuma linaloingia baharini ili mgeni ashuke kwenye boti bila kulowa miguu. Siku moja ya upepo boti iliyobeba nguzo ilipinduka. Wenzake waliogelea. Lugano alikuwa mtoto wa Mlandege. Kuogelea angejifunzia wapi? Mwili haukuonekana. Hoteli ikasema hakuwa mtu wao, alikuwa wa mkandarasi. Mkandarasi akasema hakuwa mtu wake, alikuwa kibarua wa siku. Siku yenyewe haikuulizwa. Gati likaisha, utepe ukakatwa, na Goodness, mdogo wake Lugano, akaziona picha kwenye simu: waheshimiwa wamepanga mstari juu ya mbao, wamevaa miwani ya jua, wanacheka.

Kwao Sedekia, Unyakyusani, msiba unalaliwa. Watu wanalala chini, pamoja, pale alipofia mtu au pale alipolazwa, mpaka wakubwa waseme sasa inukeni. Na kwao Yusta, upande wa Tosamaganga, si tofauti sana, ila wao wanatangulia kanisani. Lakini msiba huu haukuwa na pa kuulalia. Padre alisoma misa ya kumwombea. Wazee wa Rungwe wakashauri lifanywe linalofanywaga mtu akipotelea mbali: ukatwe mgomba urefu wa kijana, uvishwe sanda, uzikwe, watu walale, mambo yaishe.

Yusta aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi sikuzaa mgomba."

Wazee wakanywa chai yao wakaondoka. Jioni ile ndipo alipomwambia mumewe anachotaka, kwa sauti ileile ya kuomba chumvi. "Nataka kulala kando ya yale maji. Nikishalala, nitainuka."

Hilo tu. Hakudai fidia, hakudai mtu afungwe. Watu wa aina hii serikali zote huwapenda.

Sedekia alilichukua neno hilo kama mzigo wa mtu mwingine aliyeombwa kuubeba mpaka kituoni. Alijua nyumba za kulala wageni hazifai. Huwezi kuwaambia watu wa gesti kwamba mtalala familia nzima sakafuni, mchana na usiku, mnaimba taratibu. Ndipo akampigia mdogo wake Rabson, aliyeko Uyole, Mbeya, kwa sababu Rabson alikuwa na tela.

Tela lenyewe lilikuwa la kwaya. Rabson ndiye mwalimu wa kwaya kwenye ushirika wao wa Moraviani, na miaka ile walipokuwa wakizunguka kuimba walichukua tela la kubebea viazi, wakalijengea kuta za mbao na paa la bati, wakatia vitanda vya ghorofa na dirisha lenye pazia. Likivutwa na Landrova ya Rabson, watoto barabarani walidhani ni duka linahama. Ubavuni liliandikwa kwa rangi nyekundu, herufi za urefu wa mkono: FURAHA. Ndilo jina la kwaya.

Alifika Mlandege siku ya mvua ndogo, akaliingiza uani kinyumenyume mpaka likagusa mti wa mparachichi.

"Ugonile, kaka," alisema, akishuka.

"Nimelala," alijibu Sedekia, ingawa salamu ile ya Kinyakyusa, "umelala?", haikuwa na maana ya kujibiwa hivyo.

"Shemeji, kamwene," Rabson alimwamkia Yusta kwa Kihehe. "Nimekuletea nyumba. Hapo juu wamelala sauti ya kwanza, hapo chini sauti ya pili. Sauti ya nne tulikuwa tunawalaza nje kwa sababu ya kukoroma."

Yusta alilizunguka tela, akapapasa mbao. Rabson akaona macho yake yamefika kwenye maandishi. "Hayo ntayapiga rangi, shemeji. Hata kesho."

"Yaache," Yusta alisema. "Si ya kwako wala ya kwangu."

Sasa ikabaki kutafuta pa kulisimamisha. Goodness alikuwa na simu kubwa na kidole chepesi. Alikuwa anasuka nywele mjini na siku hiyo aliwaahirisha wateja. Wakakaa watatu kwenye ngazi ya nyuma, Yusta ndani kwenye mkeka wake, mlango wazi.

Cha kwanza kuonekana kwenye simu kilikuwa hoteli ileile. Ilikuwa na eneo la kambi: nyasi, vibanda vya bafu, mahali pa mahema na magari ya kulala. Bei ziliandikwa kwa dola. Picha ya mbele ilikuwa gati.

"Baba," Goodness alisema, akamwelekezea.

Sedekia alitazama. Nguzo zilikuwa zimenyooka vizuri. Mtu fulani alikuwa amezichomelea vizuri. Alisubiri kitu kiamke ndani yake, hakikuamka.

"Tafuta pengine," alisema.

Wakatafuta. Namba ya kwanza ilipokelewa na mwanaume mwenye haraka.

"Habari za kazi, bwana. Tunatafuta kambi ya bei nafuu, karibu na bahari," Sedekia alisema, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Kambi gani mzee, ya jeshi?"

"Ya kulala."

"Kulala ni gesti."

"Tuna tela."

"Ahaa. Ungesema. Yadi ipo, ina mlinzi. Tela la futi arobaini?"

"Hapana, dogo."

"Limebeba nini?"

"Watu."

Simu ikakatwa. Rabson alicheka mpaka akashika ukuta. "Kaka, utatufungisha. Sema familia. Ukisema watu kwenye tela, hapo hapo wanaita polisi."

Namba nyingine ilikuwa ya dada mwenye sauti tamu, aliyetaka kujua kwanza kama wao ni wageni au wakazi.

"Sisi ni wa Iringa," Sedekia alisema.

"Sawa baba, lakini kwa bei yetu mtaingia kama wakazi. Na mnakuja kwa shughuli gani? Basdei, hanimuni, mkutano wa ofisi?"

Rabson akampokonya Sedekia simu. "Mapumziko, dada. Mzee amestaafu." Dada akataja bei ya wakazi, na Rabson akamshukuru sana kwa muda wake, na Mungu ambariki.

Ikaendelea hivyo mpaka mvua ikakatika. Nchi hii ina ufuko mrefu kutoka mpaka hadi mpaka. Tulipokuwa shule tuliuchora kwa rangi ya bluu tukapewa vema, tukaambiwa ni wetu. Anza sasa kutafuta mahali upana wa tela pa kusimama juu yake. Hapa ni pa mwekezaji. Hapa pana kesi. Hapa pamezungushiwa ukuta na mheshimiwa ambaye hajaja tangu aujenge. Hapa panapokelewa wageni tu, yaani mtu aliyetoka ng'ambo juzi ndiye mwenyeji, na aliyechora ramani kwa rangi ya bluu ndiye mgeni asiyekaribishwa. Sedekia aliyasikia yote kwa sikio moja baada ya jingine, akiihamisha simu kila sikio likipata joto.

"Nina wazo," Rabson alisema, akapunguza sauti. "Idodi. Tushuke kule njia ya mbugani, tulale mtoni. Bure. Maji ya Ruaha yanaishia wapi? Rufiji. Rufiji inaishia wapi? Baharini. Ni hayohayo, kaka, ila sisi tumeyawahi kabla hayajafika."

Goodness akatazama miguu yake.

Kutoka ndani, Yusta akasema, "Shemeji, Lugano hakufia Idodi." Hakuinua sauti. Rabson akasema ni kweli, akaenda kuangalia matairi ambayo alikuwa ameshayaangalia.

Hatimaye akapatikana mama mmoja. Alikuwa na kiwanja chake mwenyewe, mbali kaskazini, mwendo wa karibu siku nzima kutoka pale alipopotelea Lugano. Alikodisha kwa vikundi vya maombi na shule. Bei yake ilikuwa ya kibinadamu. Mama huyu, Sedekia alimwambia ukweli wote, sijui kwa nini. Labda kwa sababu huyo mama alitangulia kumwamkia.

"Poleni sana, baba yangu," alisema yule mama. "Njooni mlale. Kuni zipo, choo kipo. Mimi mwenyewe ntakaa nanyi. Na hilo la kuwa mbali lisiwasumbue. Bahari ni moja."

Sedekia akashukuru. Alipoikata simu alihisi kitu kilicho karibu na nafuu. Mzigo ulikuwa umefika kituoni, auteremshe, akalale. Rabson alishasema asifiwe Bwana na Goodness alishaanza kuandika jina la mahali. Sedekia akaingia ndani akamweleza mkewe neno kwa neno, hadi lile la mwisho.

Yusta alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Mkono ukaendelea.

"Nimeshayasikia hayo," alisema.

"Yapi?"

"Ya moja. Mwaka wa sabini na nne walikuja na malori kutuhamisha. Bibi yangu hakutaka kupanda kwa sababu ya kaburi la babu. Bwana mmoja wa kaunda suti akamshika bega, kwa upole kabisa, akamwambia bibi, ardhi ni moja. Tukapelekwa kwenye mstari wa nyumba za kijiji kipya, tukapewa kipande cha mawe. Bonde letu alikuja kulilima nani? Yeye na ndugu zake. Mpaka leo wana vitunguu pale, ukipita unaviona." Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "Kama ardhi ni moja mbona hakuchukua ile ya mawe?"

"Huyu mama hana kosa, Yusta."

"Hana. Ni mtu mwema. Kesho kanipigie nimshukuru." Akaendelea na maharage. "Mgomba unatosha. Mto unatosha. Bahari yoyote inatosha. Mimi kila siku naambiwa pale nilipo panatosha. Mwanangu kaingia pale, baba Lugano. Pale. Si pengine."

Sedekia alisimama katikati ya sebule, kiatu kimoja kimefungwa kamba, kingine hakijafungwa. Hakukasirika. Angependa kukasirika, alikumbuka kwamba hapo zamani, kwenye mashamba ya chai ya Rungwe, alikuwa anasimama mbele ya wenzake akisema mpaka mabwana wanafunga madirisha ya ofisi. Mtu yule alikuwa mahali fulani. Alitoka nje, akamwambia Goodness, "Nipe ya hoteli."

"Baba, ni dola."

"Nipe."

Akapokea kijana mwenye Kiswahili laini cha pwani, akajitambulisha kwa jina na cheo.

"Mwanangu, mimi naitwa Sedekia, niko Iringa. Tuna tela la kulala. Tunakuja hapo kwenu kwa ajili ya matanga."

"Matanga?" Kijana alifikiri. "Hapana mzee, siku hizi hatuna mashua za matanga. Tunatumia boti za injini tu. Ila naweza kukuunganisha na watu."

"Si matanga ya mashua. Ya msiba. Mtoto wetu alifia hapo, kwenye gati lenu. Tunataka kulala."

Sedekia alisikia sahani zikipangwa upande wa pili.

"Mzee, pole sana. Lakini hapa wageni wanakuja kufurahi."

"Tutalipa kama wengine." Alijua hawezi. Alisema tu.

"Eneo limejaa, mzee."

"Mpaka lini?"

"Limejaa tu."

Sedekia akamrudishia binti yake simu. Rabson aliuliza wamesemaje, na Yusta, ambaye alikuwa amefika mlangoni na ungo wake, alisubiri pia.

"Wanasema pamejaa."

"Basi tutakuta watu," Yusta alisema. "Twende."

Wakaenda. Walishuka Kitonga kwa gia ndogo, tela likiwasukuma kwa nyuma, madereva wa malori wakipiga honi kuisalimu FURAHA. Yusta alikaa mbele, mkeka umesimamishwa katikati ya magoti. Kadiri walivyoshuka, joto liliongezeka na Rabson alivua sweta, halafu kofia, halafu akaacha kuongea. Askari mmoja wa barabarani aliwasimamisha akauliza kwaya inakwenda kuimba wapi. Sedekia akamwambia wanakwenda msibani. Askari akalitazama tela, akamtazama Yusta, akarudisha leseni bila kuifungua.

Walifika mchana, jua likiwa kali. Mlinzi wa getini alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa pale, mwenye mvi kidevuni. Alimsikiliza Sedekia mpaka mwisho huku ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Akaingia kibandani, akaongea na simu ya mezani, akatoka.

"Tela haliingii," alisema. "Na nyie hamuingii. Ndivyo nilivyoambiwa." Akatazama kando. "Lakini hapo pembeni ya ukuta pana njia ya watu, inashuka hadi majini. Ya zamani, hawajaweza kuiziba. Na mchanga si wa hoteli. Hoteli inaishia pale nyasi zinapoishia. Mchangani mtu hawezi kukufukuza. Ila msivuke kwenye nyasi, mzee wangu, mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Hatutavuka," Sedekia alisema.

Wakaliacha tela barabarani, kando ya ukuta, na Rabson akatia mawe chini ya matairi. Wakabeba mikeka, blanketi, sufuria na dumu la maji, wakashuka kwa ile njia.

Mchanga ulikuwa mpana kuliko uwanja wa mpira. Bahari ilikuwa mbali kule chini, tambarare, haina kelele. Gati lilitoka kwenye nyasi likapita juu ya mchanga mkavu hadi kulikokuwa na maji. Yusta alitembea kufuata nguzo moja baada ya nyingine, akishika kila moja, mpaka alipofika karibu na maji akasema hapa, akatandika. Sedekia alikulia Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Ziwa lina adabu: lilipo asubuhi ndipo lilipo jioni. Aliona hapakuwa na shida yoyote, akatandika na yeye. Walikaa. Rabson alianzisha wimbo wa kikwao, mdogo, wa kooni, na Goodness akauitikia.

Kule juu wageni walikuwa kwenye viti vya kulalia. Baadhi waliinuka kidogo kutazama. Mlinzi alikuja akasimama ukingoni mwa nyasi, ameegemea fimbo yake. 

Jua lilipoanza kulegea, maji yalimfikia Yusta kwenye vidole. Hakuna aliyeyaona yakija. Walidhani ni wimbi limekosea njia. Wakavuta mikeka hatua kadhaa, wakakaa, wimbo ukaendelea. Yakafika tena. Wakavuta. Sufuria likaelea, Goodness akalikimbilia. "Kaka, hii kitu inapanda," Rabson alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na woga. Wakavuta tena, wakavuta tena, wakirudi nyumanyuma na blanketi zao, na ule uwanja wa mpira ukawa kiwanja cha nyumba, kisha uchochoro, kisha wakawa wamesimama kwenye utepe wa mchanga, bahari mbele, nyasi nyuma. Njia waliyoshukia ilikuwa imefunikwa.

Sedekia alimtazama mlinzi. Mlinzi alikuwa anatazama bahari, uso wa mtu ambaye amezaliwa pale na anajua saa ya maji kama anavyojua saa ya chakula.

Wimbi lililofuata liliwalowesha magoti. Yusta akageuka, akapanda kwenye nyasi, akatandika mkeka wake.

Meneja alikuja kwa haraka, dada kijana mwenye redio ya mkononi, anahema. "Mzee, mlimwahidi mlinzi kwamba hamtavuka."

"Hatukuvuka," Sedekia alisema. "Tumevushwa."

Dada akayatazama maji, akautazama ukuta, akawatazama wageni wake, ambao sasa walikuwa wamesimama, wengine wameshika simu. Alisogea pembeni akaongea na redio. Alieleza mara mbili. Mtu wa upande wa pili alikuwa anauliza jambo lilelile, na kila mara dada akijibu, "Ndiyo bosi, wanaangalia. Wote wanaangalia." Kisha akarudi, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mpaka maji yapwe," alisema. "Ni usiku wa manane. Basi, asubuhi."

"Sawa, mama," Sedekia alisema.

"Na msiimbe kwa nguvu."

"Hatuimbagi kwa nguvu," Rabson alisema. "Samahani dada, choo kiko upande gani?"

Dada akamwelekeza kwa mkono. Rabson akaondoka, maji yakimchuruzika kwenye suruali, akiwasalimia wageni mmoja mmoja kwa heshima zote za Kimoraviani.

Sedekia akalala chali. Nyasi zilikuwa fupi na laini, zilikuwa zimemwagiliwa, na mgongo wake uliujua ubaridi ule kabla yeye hajaujua. Aliangalia nguzo za gati, ambazo sasa zilikuwa zimesimama ndani ya maji mpaka kiunoni. Alisubiri tena, kama siku ile ya picha. Pembeni yake Yusta alikuwa tayari amelala usingizi, wa kweli, mdomo wazi, mkono umenyooshwa upande wa bahari, na alikuwa anakoroma kama mtu wa sauti ya nne. Goodness akamfunika blanketi lililolowa nusu, akalikunja ili ule upande mkavu ndio umguse.